Chumba cha Rangi Kilipopakwa Rangi

Mama Kijivu alikaa siku nne hospitalini akimuuguza dada yake aliyepasuliwa tumbo, na siku ya tano aliporudi kazini, kwenye studio ya filamu ya familia, alikuta mkwewe amekipaka rangi chumba chake.

Alisimama mlangoni, mkoba ungali begani. Kuta zote nne zilikuwa za kijani, kijani kibichi kama mgomba ulionyeshewa, na pale ukuta unapokutana na dari ulipita mkanda wa dhahabu wa upana wa vidole viwili. Chini kulitandikwa zulia lenye manyoya. Ile skrini yake ya zamani, yenye fremu nene na mkwaruzo pembeni, haikuwapo. Mahali pake palitundikwa televisheni pana ya kung'aa, ambayo mtu angeweza kujitazama ndani yake akachana nywele. Koti lake la kijivu, ambalo miaka yote lilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, alilikuta uani. Mafundi walikuwa wamelifutia brashi.

Kazi ya mwanamke huyu inafaa ielezwe kidogo, maana wengi hutazama filamu wasijue kama kuna mtu anayeikalia kwa ajili ya rangi peke yake. Filamu ikishapigwa na kuunganishwa, vipande vyake havifanani. Hiki kilipigwa asubuhi, hiki saa tisa wingu limetanda, hiki chini ya taa ya jikoni. Shangazi akiwa mlangoni ana uso wa njano, akigeuka tu ana uso wa buluu. Mtu wa rangi hukaa na vipande hivyo kimoja kimoja, akiongeza nyekundu huku, akipunguza buluu kule, mpaka shangazi awe shangazi mmoja. Ni kazi ya macho. Na macho ni mashahidi wanaohongeka, hula rangi ya kila kilichoyazunguka halafu yakaja kukudanganya. Kwa hiyo chumba cha kusawazishia rangi hakipakwi rangi yoyote ila kijivu, na hicho kijivu chenyewe kiwe hakina upande.

Yeye na marehemu mumewe, walipokijenga chumba kile, walitafuta kijivu hicho siku tatu. Ukichanganya nyeusi na nyeupe tu, unapata kijivu kinachoegemea buluu. Wakadondoshea njano, kikaenda kijani. Wakadondoshea nyekundu. Kila mchanganyiko waliupaka kwenye kipande cha boksi, wakakianika kivulini, wakakitazama, wakakikataa. Boksi la saba ndilo lililokubalika. Baadaye likaja koti, kwa sababu mgeni akiingia na shati la machungwa, machungwa yake yanaangukia skrini. Kila mwenye nguo ya kelele alivishwa koti kabla ya kuketi, awe tajiri, awe mpiga picha, na hakuna aliyefia ndani yake. Ndipo wafanyakazi wakampa mama huyo jina, na yeye akalipokea.

Mkwewe naye alikuwa na jina la nyuma ya mgongo. Walimwita Mheshimiwa, ingawa hakuna aliyewahi kumpigia kura hata ya kusimamia foleni ya maji. Aliingia katika familia hii na mkoba wa ngozi ambao hakuachana nao, na watu waliuogopa mkoba ule mpaka siku ulipofunguka kwenye ngazi ukatoa kitana, chaja na gazeti la wiki iliyopita. Baba mkwe alipofariki, Mheshimiwa alilia kwa sauti kuliko wafiwa, akafuta machozi, akatengeneza mhuri wenye neno Mkurugenzi.

Siku hiyo alimpokea Mama Kijivu kwa adabu zote. Aliinama, akampokea mkoba wa begani, akauliza hali ya mgonjwa. Kisha akaeleza. Wateja wakiingia mle, alisema, walikuwa wanaona kama wameingia kwenye matanga. Kijivu ni rangi ya majivu, na nani anataka kufanya biashara na majivu? Kijani ni uhai. Dhahabu ni mafanikio. Alikuwa amesoma mahali.

"Mwanangu," Mama Kijivu alisema, "hicho ni chumba cha kupimia. Umewahi kumwona muuza nyama amebandika jiwe chini ya mizani ili mizani ipendeze?"

"Mama, heshima yako iko palepale," Mheshimiwa alijibu, akiweka mkono kifuani. "Lakini dunia imekwenda. Siku hizi rangi zinanunuliwa zimeshapikwa. Unabonyeza tu. Wewe umefanya kazi ya kutosha, pumzika."

Kupumzika kwenyewe kulikuwa ni kupelekwa stoo, pamoja na ile skrini ya zamani, akasawazishe video za harusi katikati ya maboksi ya nyaya. Filamu iliyokuwa imebaki kwenye kiti chake angeimalizia Mheshimiwa mwenyewe.

Na filamu hiyo haikuwa ya mtu baki. Ilikuwa ya Kitinda, binti yake wa mwisho, mke wa huyohuyo Mheshimiwa. Kitinda aliiandika na kuiongoza mwenyewe, miaka sita, akipiga wikendi kwa wikendi, hadithi ya nyumba moja inayomsubiri baba atoke hospitali. Kwa kuwa ilipigwa miaka sita, rangi zake zilirukaruka kama panzi. Mnunuzi wa vipindi wa kituo cha televisheni, mwanamke mkavu wa maneno, alikuwa ameshaikataa mara moja. Alisema hadithi ameipenda, waigizaji amewapenda, lakini hawezi kurusha kitu ambacho mama anaanza sentensi akiwa wa njano na kuimaliza akiwa wa buluu. Isawazishwe, naye ataitazama tena Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi. Mara hiyo moja. Asiporidhika, basi, Kitinda aitie kabatini awaonyeshe wajukuu.

Mama Kijivu alimfuata binti yake jikoni kwake jioni ile. Alizungumza polepole, akichagua maneno, maana kumsema mkwe mbele ya mkewe ni kukata tawi ulilolikalia. Kitinda alikuwa anakwangua sufuria. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba ule ni ukuta tu, na kwamba mama yake hajawahi kumpenda mume wake tangu siku ya posa, na akiacha sufuria hii iloweke mpaka kesho itakuwa rahisi. Maneno ya mwisho yalikuwa ya sufuria, lakini ya katikati yalikuwa ya kweli, na ukweli ukikupiga huna pa kuupigia.

Basi Mheshimiwa akaingia kazini. Siku ya kwanza aliita rafiki zake watatu waje kushuhudia. Hakuna aliyejua hao hufanya kazi gani, ila walikuwa hodari wa kuketi. Waliketi juu ya zulia la manyoya, migongo kwenye kijani, wakatazama televisheni ya kung'aa, na kila Mheshimiwa alipobonyeza rangi moja ya kununua walisema, hapo sasa. Alipobonyeza nyingine walisema, hapo ndipo kabisa. Mmoja, mwenye pete tatu, alisema inaonekana kama sinema ya nje. Nje ya wapi hakusema.

Kwenye meza kulikuwa na kiwambo kidogo kinachochora rangi kwa mistari. Kiwambo hicho hakina mke wala mkwe, husema kilichopo tu: nyekundu ni kiasi hiki, kijani kiasi hiki. Mheshimiwa alikuta mistari yake haikubaliani naye, akakifunika kwa kofia yake. Fundi sauti, aliyeingia kutafuta spika, aliliona jambo hilo akaenda kulisimulia stoo, akicheka mpaka akashika rafu. Mama Kijivu hakucheka. Aliuliza kofia ni ya rangi gani. Fundi sauti akasema kijani pia, na hapo hata yeye akashindwa.

Siku nane zilipita hivyo. Siku ya tisa, Alhamisi, nakala ya filamu iliyokamilika ililetwa stoo ihifadhiwe, na Mama Kijivu akaifungua kwenye skrini yake ya zamani, kati ya maboksi.

Aliitazama dakika kumi. Watu wote wa nyumba ile, waliokuwa wakimsubiri baba atoke hospitali, walionekana ndio wanaostahili kulazwa. Shangazi mweusi wa kung'aa alikuwa na rangi ya chupa. Mama, ambaye ni maji ya kunde, alikuwa kama abiria aliyetapika njiani na bado safari ni ndefu. Mtoto mdogo alikuwa kama embe changa. Kitambaa cheupe cha mama, ambacho Kitinda alikichagua baada ya kujaribu vitambaa kumi na moja, kilikuwa na ukungu wa kijani kama kilicholowekwa kinamasini. Rangi hazikurukaruka tena, hilo lilikuwa kweli. Wote walikuwa wagonjwa kwa usawa.

Yafaa isemwe wazi kwamba kitu cha kwanza alichohisi kilikuwa furaha. Alimwona Mheshimiwa Jumamosi, ndani ya suti, mbele ya yule mnunuzi mkavu, na picha ile ukutani. Aliiona sura yake ikitafuta pa kwenda. Ilikuwa tamu, akaitafuna kidogo. Mpumbavu hana haja ya adui, ukimwachia njia anajifikisha. Kufunga tu mashine, kurudi kwenye harusi zake, kunyamaza mpaka Jumamosi, basi.

Lakini kila alipotafuna alikutana na mfupa. Jumamosi Mheshimiwa angeangukia suti yake. Aliyekuwa anakwenda kuzikwa ni Kitinda.

Mheshimiwa alikuwa amekwenda kwa fundi cherehani kupima hiyo suti. Mama Kijivu alimpigia simu binti yake aje, akamwonyesha ile picha. Kitinda alitazama, akasema skrini ya stoo ni mbovu, mume wake alishamwambia, ndiyo maana ikatolewa.

Mama yake alichukua karatasi nyeupe kwenye boksi la printa, akamshika Kitinda mkono kama anayekwenda kuvushwa barabara, akampeleka chumba cha kijani akamketisha kwenye kiti. Akamwambia aukodolee ukuta macho, mahali pamoja, ahesabu mpaka sitini bila kuhama. Kitinda alihesabu kwa sauti ya mtu anayevumilia. Alipofika sitini, mama akamwekea karatasi mbele ya uso.

"Hii ni rangi gani?"

"Ya waridi," Kitinda alisema. "Umeibadilisha."

"Njoo nayo nje."

Uani karatasi ilikuwa nyeupe kama ilivyotoka kiwandani. Kitinda aliigeuza, akaigeuza tena. Akarudi ndani peke yake, akahesabu upya, akatoka.

"Mumeo si kipofu," Mama Kijivu alisema. "Amekaa siku nane ndani ya kijani. Jicho lake limechoka na kijani, kila uso anauona una waridi mno, naye anapunguza. Amepunguza wekundu ambao haukuwapo. Wale wanaoketi naye wanaona hivyohivyo. Hata mimi ningeketi pale ningeona hivyo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ulikuwa unakwangua sufuria."

Kitinda aliketi kwenye ngazi ya uani, karatasi mapajani. Kisha aliinuka, na Mheshimiwa aliporudi na suti yake ndani ya mfuko, mkewe alimkuta mlangoni akamweleza kila kitu, mpaka hesabu ya sitini. Alimtaka naye ahesabu.

Mheshimiwa alikataa kuhesabu. Mkurugenzi hawezi kukodolea ukuta macho kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Badala yake aliita kamati. Wale watatu walikuja, wakaketi zuliani, migongo kwenye kijani, filamu ikawashwa, na wakaulizwa kama nyuso zina tatizo. Walisema hazina. Mwenye pete tatu alisema tatizo analoliona ni wivu, ila hataki kutaja wa nani, akamtazama Mama Kijivu mpaka mwisho wa sentensi. Mheshimiwa akafungua mikono kama aliyeshinda kesi. Watu wanne wazima wameona, alisema, na kinyume chao ni mzee mmoja na televisheni mbovu.

Mama Kijivu aliwatazama wote wanne jinsi mtu anavyotazama vyombo alivyoviosha jana akavikuta vichafu. Kisha akamtazama Kitinda, maana filamu ilikuwa ya Kitinda, na kinywa cha kusema kilikuwa chake.

Kitinda alichomoa kwenye mashine diski ya vipande vya asili. "Naazima," alimwambia mumewe, akaenda nayo stoo, na alipoingia mama yake, akafunga mlango.

Walifanya kazi Alhamisi mpaka jua kuchwa, na Ijumaa kutwa. Kwanza walitundika mashuka mawili ya kijivu, ya kitanda cha Mama Kijivu mwenyewe, kuzunguka skrini, wakaziba dirisha kwa boksi. Kitinda alikuwa amevaa blauzi nyekundu. Mama yake alimtazama tu, naye akaenda akaazima fulana ya kijivu ya fundi sauti, inayonuka jasho na betri, akaivaa.

Mama Kijivu hakuanza na nyuso. Alitafuta kitu ambacho hakidanganyi: kitambaa cheupe, beseni la bati, meno ya mtoto anapocheka. Akikipata kitu kilichopaswa kuwa cheupe au kijivu anakirudisha kwenye weupe wake, akiiangalia mistari ya kile kiwambo, walichokibeba kutoka chumba cha kijani, na nyuso zinafuata zenyewe kama kuku wanavyomfuata mwenye mtama. Kisha ndipo alipomfikia kila mtu na rangi yake. Shangazi hakumwangaza. Aliuacha weusi wake uwe mzito, akautafutia ule mng'ao mdogo wa buluu juu ya shavu, ambao mtu mweusi hasa huwa nao akiwa karibu na dirisha. Mama wa hadithi alimrudishia ukunde wake. Kitinda alikaa kando yake akimwambia eneo hili ni asubuhi, hili baba ameshapona, hili bado hawajui. Kila dakika ishirini walitoka uani, wakatazama mbingu ili macho yanawe, wakarudi. Mheshimiwa hakuja, ila mara mbili walisikia hatua zake zikifika mlangoni, zikisimama, zikiondoka.

Ijumaa saa kumi na mbili jioni kazi ilikwisha. Walikuwa na nakala mpya mkononi.

Lakini Jumamosi Mheshimiwa aliwahi. Walipofika kituoni saa nne kasoro robo walimkuta ameshaketi mstari wa mbele, suti mpya ya kijani, na diski ya nakala yake ameshaikabidhi kwa fundi mitambo tangu saa tatu. Kitinda alimwendea fundi. Fundi akasema amepewa moja, na Mkurugenzi, na mnunuzi huyo anaingia, naomba mketi. Taa zikazimwa.

Ukumbi ulikuwa na kuta za kijivu.

Mama kwenye filamu alifungua mlango, akasema sentensi yake ya kwanza, na uso wake wa ugonjwa ukajaa ukuta mzima. Akatokea shangazi wa chupa. Akatokea mtoto. Mnunuzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaivua tena. Dakika ya nne aliuliza kwa sauti ya kawaida kama mashine ina hitilafu, na fundi mitambo akajibu gizani kwamba mashine ilikaguliwa jana. Mnunuzi akauliza kama hadithi imebadilishwa, sasa familia nzima inaumwa. Mheshimiwa alikuwa ameishika mikono ya kiti. Kwa mara ya kwanza, nje ya chumba chake, alikuwa anaiona filamu ile kama ilivyo.

Mnunuzi alifunga daftari. Kitinda akasimama.

"Hiyo siyo," alisema. "Mimi ndiye mwenye filamu. Hiyo siyo niliyokuja kuionyesha. Iko hapa."

"Nilisema nitatazama mara moja," mnunuzi alisema.

"Umetazama dakika nne za kazi ya mtu mwingine. Mara yangu bado."

Mnunuzi alimtazama Kitinda, akamtazama mwanamke mzee aliyekaa nyuma yake na mkoba mapajani, akaitazama saa. Akalifungua tena daftari.

Safari hii mama alifungua mlango akiwa mtu. Mnunuzi hakugusa miwani kwa saa moja na nusu. Shangazi alipoketi karibu na dirisha, na ule mng'ao mdogo ukampanda shavuni, fundi mitambo alitoka kwenye kibanda chake akasimama mlangoni kuangalia. Baba aliporudi nyumbani mwishoni, kitambaa kilikuwa cheupe.

Taa ziliwashwa. Mnunuzi aliandika mistari miwili, akasema barua ya kuichukua filamu itatoka Jumatatu. Kitinda alijifunika uso kwa viganja, mabega yakamcheza.

Hapo Mheshimiwa akapata sauti yake. Aliinuka, akaivuta suti, akawaeleza wote waliokuwa mle kwamba ile ya kwanza ilikuwa ni jaribio la mtambo. Ni utaratibu wao, alisema, kuanza na nakala yenye kasoro za makusudi ili kuona kama ukumbi unaonyesha sawasawa, na anafurahi kuona unaonyesha vizuri sana.

Fundi mitambo alirudi kibandani. Mnunuzi aliuliza nani aliyeikalia rangi, na Kitinda akaelekeza kwa kidevu, kwa kuwa mikono ilikuwa bado na kazi usoni. Basi yule mwanamke mkavu alihama kiti, akaja kuketi karibu na Mama Kijivu, akataka kujua shangazi alifanywaje hata weusi wake usizame kwenye ukuta wa jikoni. Mama Kijivu akamweleza, bila haraka, tangu beseni la bati. Walizungumza muda mrefu. Mheshimiwa alisogea mara mbili kutia neno, na mara zote mbili Mama Kijivu alisita kwa adabu, akangoja amalize, kisha akaendelea kutoka palepale alipoishia, kama mtu aliyepisha gari.

Mwishowe Mheshimiwa alimwendea mkewe akamnong'oneza kwamba waondoke, suti inambana.

"Tangulia," Kitinda alisema. "Namsubiri mama, yuko kazini."